Karatasi ya Kwanza: Historia ya Mtihani wa Hesabu Migori na Homa Bay

Katika KCPE, mtihani uliofunga shule ya msingi, hesabu ndiyo iliyotangulia. Wiki ya mtihani ikifika, Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, mtoto wa darasa la nane kule Muhuru Bay alikuwa ameketi peke yake kwenye dawati, penseli ya HB mkononi, sawa na mwenzake wa Oyugis, wa Kehancha na wa kisiwa cha Mfangano. Maswali 50, saa mbili, kila swali na majibu manne, A hadi D, naye achague moja alitie weusi. Ukigawa muda huo kwa maswali, kila swali linapata dakika 2 na sekunde 24. Saa nne na nusu karatasi zilikusanywa. Watoto walitoka nje wakiulizana swali la mwisho lilikuwa na jibu gani, na wapo walioanza kulia hapo hapo, ilhali masomo mengine yote yalikuwa bado.

Kusini mwa Nyanza karatasi hiyo ina historia ndefu kuliko KCPE yenyewe. Kwa zaidi ya miaka sabini namba iliyotokana nayo iliwachuja watoto, ikawapandisha vyeo walimu wakuu, ikawajaza wanasiasa maneno ya kusema matangani. Kazi moja tu haikuifanya vizuri, nayo ni kumwambia mwalimu kwamba mtoto huyu anajua nini na hajui nini. Katika miaka yote hiyo upo muda mfupi ambao mtihani ulijaribu kweli kufanya kazi hiyo, na huo nitaukawilia.

Migori na Homa Bay zimekuwa kaunti mbili tangu 2013, Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa. Kabla ya hapo zilikuwa wilaya kadhaa, na kabla ya hizo wilaya moja pana, South Nyanza, ambayo makao yake makuu yalikuwa mjini Homa Bay. Enzi ya ukoloni eneo hilo lilitawaliwa kutoka Kisii, likiitwa South Kavirondo. Ukisikia mzee wa Rongo au Kendu Bay akisema "sisi wa South Nyanza", anaongea jiografia ya cheti chake cha shule.

Shule zilianza na misheni. Mnamo Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa kanisa la Waadventista wa Sabato, aliteremka pwani ya Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, wakajenga kituo kwenye kilima cha Gendia. Baadaye kukaja Kamagambo, karibu na Rongo, ambako walimu walifundishwa. Wakatoliki wa Mill Hill walijikita Asumbi na baadaye Rapogi. Shabaha ya kwanza ilikuwa kusoma, kwa sababu muumini alitakiwa afungue kitabu mwenyewe, na Carscallen alikwisha kuandika sarufi ya Dholuo mwaka 1910. Hesabu ilikuja nyuma ya Biblia, ya kiasi cha kumtosha karani, mwuza duka na mkusanya kodi ya nyumba. Miongoni mwa waliopitia shule za Waadventista ni Paul Mboya, aliyekuwa mchungaji, kisha chifu wa Karachuonyo, na ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu chake cha mila za Wajaluo, *Luo Kitgi gi Timbegi*. Kizazi chake kilionyesha kijiji kizima kwamba elimu ya misheni ingeweza kumfikisha mtu kwenye kiti cha serikali.

Viti hivyo vilikuwa vichache, na uchache ndio uliozaa mtihani. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilipendekeza Mwafrika asome kwa ngazi za miaka minne minne. Kwenye kila mlango kulikuwa na mchujo: wa darasa la nne kwanza, kisha wa darasa la nane ulioitwa KAPE. Watoto wa Kihindi na wa Kizungu walikuwa na mitihani yao mbali. Katika hesabu mtahiniwa alihangaika na shilingi na senti, ratili na yadi, maili na galoni, na aliyeanguka darasa la nne alirudi nyumbani akiwa na umri ambao leo mtoto bado anabembelezwa anywe maziwa.

Uhuru uliunganisha mitihani hiyo. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza shule ya msingi ya miaka saba kwa wote, na mwishoni mwake ukawekwa mtihani uliokuja kujulikana kama CPE: Kiingereza, Hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla. Idadi ya watahiniwa ilikuwa kubwa mno kusahihishwa kwa mkono, kwa hiyo majibu yalichaguliwa, hayakuandikwa, na mashine ikayasoma. Hapo ndipo kazi ya mtoto, yaani ile mistari ya kukokotoa pembeni mwa ukurasa inayoonyesha alipopotelea, ilipokoma kuwa na msomaji. Kilichosafiri hadi Nairobi ni alama ya penseli.

Mwaka 1974 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa karo ya darasa la kwanza hadi la nne. Nchini kote wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka karibu milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Nafasi za sekondari hazikuruka hivyo. Watu wakajenga shule za harambee, na CPE ikazidi kuwa mlango mwembamba.

Sasa naja kwenye muda ule mfupi niliousema. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioichunguza Kenya ulisema wazi kwamba mtihani wa darasa la saba ulikuwa unaharibu kinachofundishwa darasani. Anthony Somerset, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa akiichambua CPE swali kwa swali. Aligundua kwamba maswali mengi yalipima kukariri, na kwamba yalimpendelea mtoto wa shule ya gharama mjini, aliyezungukwa na vitabu na Kiingereza. Mtoto wa kijijini mwenye akili ile ile aliachwa nyuma na namna swali lilivyoulizwa.

Mabadiliko yaliyofuata kuanzia katikati ya miaka ya 1970 yalikuwa na sehemu mbili. Kwanza maswali yenyewe yalirekebishwa ili yadai kufikiri, yakachota mifano kutoka shambani na sokoni. Pili, kila mwaka shule zilipelekewa jarida lililoeleza watahiniwa walifanya nini. Lilitaja swali, likaonyesha ni asilimia ngapi walichagua A, ngapi B, ngapi C na ngapi D, kisha likaeleza kosa lililojificha nyuma ya kila jibu na namna ya kulitibu darasani.

Wazo hilo linaonekana dogo mpaka ulifanyie jaribio. Tuseme swali ni 0.3 mara 0.2, na majibu yaliyowekwa ni 0.06, 0.6, 6 na 0.5. Kama nusu ya watoto wa wilaya wanachagua 0.6, mwalimu ameambiwa jambo moja kamili: wanajua tatu mara mbili ni sita, hawajui nukta inakaa wapi, na huenda yeye mwenyewe aliwafundisha kuipanga nukta kama wanavyofanya kwenye kujumlisha. Waliochagua 0.5 wana ugonjwa mwingine, wamejumlisha. "Alama ya wastani 47" haiwezi kumwambia hayo hata uiandike kwa wino mwekundu.

Pamoja na jarida ilikuja orodha ya wilaya kwa mpangilio wa matokeo. Nia yake ilikuwa njema pia, kwamba maofisa wa elimu waone aibu au fahari na wasukume kazi. Mwanzoni pengo kati ya wilaya lilipanuka, kwa kuwa waliokuwa mbele ndio waliowahi kulisoma jarida, halafu likaanza kupungua, na wilaya nyingi zilizokuwa nyuma zikasogea. Ila kati ya vitu hivyo viwili, ni orodha iliyoshika mioyo ya watu. Ilisomwa redioni, ikachapwa magazetini. Jarida lilikuwa la walimu, na walimu walio mbali na barabara ya lami si wepesi kufikiwa na karatasi. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, lililoundwa 1980, liliendelea kutoa taarifa za namna hiyo. Hata hivyo, mwulize mzazi yeyote wa Awendo wa miaka hiyo wilaya yao ilikuwa ya ngapi, atakujibu. Mwulize watoto walikosea nini kwenye sehemu na desimali, atakuona mtu wa ajabu.

Hesabu yenyewe nayo ilibadilishwa mara mbili ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1962 wataalamu wa Kimarekani, Kiingereza na Kiafrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya "hesabu mpya", yenye seti na mabano ya mawimbi na maneno ambayo walimu wenyewe hawakuwahi kuyasikia chuoni. Kenya iliichukua kwa namna yake. Wazazi hawakuielewa kabisa. Mtu aliyejua kuuza samaki kwa faida aliona daftari la mwanawe lina duara mbili zilizokatana na hakuna jumla. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba hesabu mpya imekwisha na nchi irudi kwenye ile ya zamani. Sijaona amri nyingine ya Moi juu ya elimu iliyopokelewa na wazazi kwa nafuu kubwa hivyo, ingawa wataalamu walisikitika.

Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ukaingia Januari 1985, na mwishoni mwa mwaka huo KCPE ya kwanza. Masomo yalikuwa mengi, pamoja na kilimo, sanaa, sayansikimu na biashara, na jumla ya alama ilikuwa 700. Kuanzia 2001 yalipunguzwa, jumla ikawa 500, na hesabu ikawa sehemu moja kati ya tano.

Hapa lazima nieleze ufundi mmoja ambao watu wengi waliishi nao bila kuujua. Alama iliyoandikwa kwenye karatasi ya matokeo ya KCPE haikuwa idadi ya maswali ambayo mtoto alipata. KNEC ilisawazisha alama ghafi za kila somo ili wastani wa nchi uangukie karibu na 50 kwa 100. Ndiyo maana jumla ya 250 ilikuwa mstari ambao kila mtu aliuheshimu: aliyeuvuka alikuwa juu ya katikati ya taifa, basi. Mwaka ambao hesabu ilikuwa ngumu na mwaka ambao ilikuwa rahisi, wastani ulirudi pale pale. Alama 62 ilikuambia mtoto amewapita wangapi. Haikukuambia kama anaweza kugawanya 312 kwa 12.

Tena kuna bahati. Kwenye maswali 50 yenye majibu manne manne, mtoto anayefumba macho na kupaka weusi ovyo hupata kwa wastani maswali 12 au 13. Yaani robo ya alama ghafi inaweza kupatikana bila kujua lolote. Shule iliyojivuna kwamba hakuna mtoto wake aliyepata sifuri haikuwa na la kujivunia.

Lakini namba ikishakuwa na thamani ya kwenda shule ya kitaifa, hakuna anayeuliza imetengenezwaje. Miaka ya 1990 na 2000 shule za kusini mwa Nyanza zilijipanga kwa ajili yake. Akademia za binafsi za bweni zilichipuka Migori mjini, Rongo, Oyugis na Homa Bay. Darasa la nane lilihamia shuleni na magodoro, prepu ilianza kabla ya jogoo, na mitihani ya pamoja kutoka wilaya jirani ilinunuliwa na kufanywa kila wiki mbili. Mtoto dhaifu alirudishwa darasa la saba ili asishushe wastani. Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu wa shule iliyofaulu alibebwa mabegani, na yule wa shule iliyoanguka alifungiwa lango na wazazi wenye matawi mikononi. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, lakini jedwali la kuzidisha liliendelea kufundishwa kwa kuogopwa.

Serikali ilijaribu kuizuia mashine hiyo. Mitihani ya majaribio ilipigwa marufuku 2008 baada ya shule nyingi za sekondari kuchomwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumrudisha mtoto darasa na kumtoza fedha za tuisheni. Walimu wakayaita masomo ya ziada kwa jina lingine.

Kwamba alama zinaweza kupanda bila elimu kupanda, hilo limepimwa, na halikupimwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Busia na Teso, kaskazini kidogo ya hapa, watafiti akiwamo Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia mpango uliowapa walimu wa shule 50 zawadi kwa matokeo ya mtihani wa wilaya. Alama zilipanda. Walimu, hata hivyo, hawakupunguza utoro wala kubadilisha ufundishaji. Walichoongeza ni vipindi vya kujiandaa kwa mtihani. Mpango ulipokwisha, faida ikayeyuka. Katika wilaya hizo hizo vitabu vya kiada viligawiwa bure, na wastani haukusogea, isipokuwa kwa wale wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Wengine walishindwa na Kiingereza cha kitabu kabla hawajaifikia hesabu. Mtoto aliyeanza kuhesabu kwa Dholuo au Kikuria na vifuniko vya soda, kisha akakabidhiwa swali la maneno lenye mistari minne ya Kiingereza, anafanya mitihani miwili kwa wakati mmoja.

Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure. Wanafunzi nchini walitoka milioni 5.9 wakapita milioni 7. Katika madarasa ya kwanza ya Nyatike, Ndhiwa na Gwassi, mwalimu mmoja alisimama mbele ya watoto kupita mia, wengine chini ya mti. Na eneo hili lilikuwa na jeraha lake. UKIMWI uliwatafuna wazazi wa ukanda wa ziwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Hata mwaka 2018, baada ya dawa kuwafikia watu, utafiti wa KENPHIA ulikuta karibu asilimia 20 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa chini ya asilimia 5. Mayatima walilelewa na nyanya. Wavulana walikwenda ziwani kuvuta omena usiku wa giza, au kuchuja mchanga wa dhahabu karibu na Macalder, ambako mgodi wa enzi ya ukoloni ulifungwa lakini mawe hayakuisha. Nyumba za Kuria zilihitaji mikono wakati wa kuchuma tumbaku. Katika Kiswahili ukikosa wiki moja utarudi na kuifuata hadithi. Katika hesabu ukikosa wiki ya kutoa kwa kukopa, kugawanya kutakushinda, sehemu zitakushinda, na aljebra ya darasa la saba utaiangalia tu.

Wasichana walilipa zaidi. Mwaka baada ya mwaka KNEC ilitangaza kwamba wavulana wamewashinda wasichana katika hesabu, na wasichana wamewashinda wavulana katika Kiingereza na Kiswahili, mpaka watu wakadhani ni maumbile. Anayebaki nyumbani kumlea mdogo wake siku ya soko ni nani? Anayeitwa ubaoni mara chache ni nani? Jibu la maswali hayo mawili linaeleza mengi kuliko maumbile.

Katikati ya miaka hiyo zilikuja habari mbili zilizoonekana kupingana. Ya kwanza ilitoka kwa SACMEQ, muungano wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima darasa la sita. Mwaka 2000, na tena 2007, Kenya ilishika nafasi ya pili katika hesabu, nyuma ya Mauritius. Walimu wa Kenya nao walipimwa mwaka 2007, wakaongoza kanda nzima katika hesabu. Wizara ilikuwa na haki ya kufurahi.

Ya pili ilitoka kwenye nyua za watu. Uwezo, mpango ulioiga upimaji wa ASER wa India, ulianza kupima watoto wa Kenya mwaka 2009, kisha Tanzania na Uganda. Haukwenda shuleni. Vijana wa kujitolea waliingia nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi chache, wakamketisha mtoto mkekani, wakamwonyesha namba, akizitambua wakamwonyesha kujumlisha, kisha kutoa, kuzidisha, kugawanya, wakasimama pale aliposimama. Kipimo kilikuwa cha darasa la pili. Walikuta kwamba nchini kote ni watoto 3 hivi kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kazi hiyo. Na mzazi alikuwepo, ameketi pembeni, akishuhudia mwanawe mwenye ripoti ya "amejitahidi" akishindwa 45 kutoa 17.

Habari hizo mbili hazikupingana. SACMEQ ilisema Kenya inawazidi majirani. Uwezo ulisema hilo halitoshi. Jambo jingine lilijulikana 2012, Benki ya Dunia ilipotembelea shule bila taarifa: mtoto wa shule ya umma alipata kwa wastani saa 2 na dakika 19 za kufundishwa kwa siku, na walimu waliopata alama 80 au zaidi katika mtaala wanaoufundisha walikuwa kama 4 kati ya 10. Yaani waliokuwa bora katika kanda nao walikuwa na mapengo, na muda wao mwingi haukuwafikia watoto. Kwa miaka ishirini nchi ilisoma orodha ya wastani wa KCPE, na haikuyaona hayo, kwa sababu wastani uliosawazishwa hauwezi kuonyesha nchi nzima ikizama pamoja.

Kilichofuata kilikuwa bora kuliko kelele. Kuanzia 2015 mradi wa PRIEDE, kwa dola milioni 88.4 za Ushirika wa Kimataifa wa Elimu, uliingia madarasa ya kwanza na ya pili ya shule zote za umma na kila mtoto akapata kitabu chake cha hesabu. Walimu walipewa mwongozo wa kila somo, na maofisa wa mtaala wakapewa kazi ya kuingia darasani kuwatazama. Fedha, angalau kwa mara hii, zilianza chini, si darasa la nane.

Juu kwenyewe mambo yaliporomoka kwa haraka. Mwaka 2014 waziri Jacob Kaimenyi alisimamisha kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi. Wizi wa mitihani wa 2015 ulikuwa mkubwa kiasi kwamba bodi ya KNEC ilivunjwa Machi 2016, na waziri wa elimu Fred Matiang'i pamoja na mwenyekiti mpya wa KNEC, George Magoha, wakaleta makontena yenye kufuli mbili. Shule zilizozoea miujiza zikarudi duniani. Machi 2020 COVID ikafunga milango. Wengi hawakurudi hadi Januari 2021, na kwenye ukanda wa ziwa na wa dhahabu wapo wavulana waliokuwa wameonja pesa na wasichana waliokuwa na mimba. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, ikiwa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4.

Mahali pake, katika mtaala mpya, pana KPSEA, mtihani wa darasa la sita ulioanza 2022. Haumzuii mtoto kuingia sekondari ya chini. Unachangia asilimia 20 tu ya alama zitakazompeleka sekondari ya juu, pamoja na kazi za darasani na KJSEA ya darasa la tisa, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025. Mwaka huo huo wizara ilikuwa imepanga hesabu iwe ya hiari kwa baadhi ya wanafunzi wa sekondari ya juu. Wazazi na walimu walipiga kelele, ikarudishwa kuwa ya lazima kwa wote kwa viwango viwili. Waliopiga kelele walikuwa na haki, ila kelele hiyo ilihusu watoto wa miaka 15, na hesabu ya mtoto huharibika akiwa na miaka 8.

Kaunti hazina mamlaka juu ya shule za msingi. Walimu ni wa TSC, tume inayowaajiri, na mtihani ni wa KNEC. Lakini Katiba imezipa chekechea, na katika miaka miwili ya chekechea ndipo mtoto anapoanza kuhesabu vitu na kuvipanga kwa makundi. Gavana anayetaka kujisifia hesabu ya Homa Bay au Migori aanzie hapo, aajiri walimu wa chekechea na kuwalipa kwa wakati. Na wewe mzazi uliye kwenye bodi ya shule, Karungu, Kosele, Isebania au popote, KNEC huitolea kila shule taarifa yake ya KPSEA. Katika mkutano ujao mwombe mwalimu mkuu aifungue ukurasa wa hisabati mbele ya wote. Usiulize shule imekuwa ya ngapi. Uliza ni jambo gani liliwashinda watoto wengi, na nani atalifundisha upya, lini.